Udongo Aliyetaka Kuhama

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmelala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa nimesikia. Hapo zamani za kale, Udongo alipokuwa bado ana mdomo, kulikuwa na mjane aitwaye Namkunda. Shamba lake lilikuwa mteremkoni, na juu yake shamba la shemeji yake, Kalaghe. Mtu mwenye roho mbaya, siwafichi! Alimwambia, "Shemeji, mvua ikiondoka na shamba hili, na wewe urudi kwenu." Na huko kwao Namkunda hakuwa na mtu.

Kijijini hapo mbegu za mtama zilichaguliwa punje kwa punje, rangi moja tu. Mwanamke aliyechanganya aliitwa mvivu. Basi Namkunda akachagua mweupe mtupu mpaka vidole vikavimba, akapanda. Mvua ya kwanza tu, Udongo akapiga kelele:

"Namkunda, nakwenda! Nakwenda! Nakwenda!"

Namkunda akatoka mbio, akaweka mawe. Udongo akapita juu. Akaweka magogo. Akapita chini. Namkunda akalala kifudifudi, akamkumbatia. Wapi! Udongo akamponyoka mikononi, nusu ya shamba ikaenda.

Fuko akachomoza, pua imechubuka. "Unalia nini? Huko chini mizizi yote imejazana chumba kimoja, inasukumana. Chini yake pagumu, nachimba mpaka natoka damu. Maji yakija hayana pa kuingia, yanambeba Udongo."

"Sasa nifanyeje, bwana Fuko?"

"Changanya mbegu! Mweupe mfupi utandaze mizizi juu. Mwekundu mrefu uizamishe chini. Mweusi ujaze katikati. Na usiniulize tena, nina kazi."

Msimu uliofuata akachanganya. Watu wakamcheka, "Hilo shamba au pilau?" Kalaghe naye akasema, "Umekwisha, shemeji."

Msidhani alikuwa jasiri. Kila asubuhi alishika jembe aung'oe mtama wote, akaliweka, akalishika tena. Lakini kila alipochimbua kidogo, udongo ulitoka mabonge madogo, laini kama makombo ya andazi, na minyoo tele. Akarudi nyumbani, bado roho juu.

Mvua kubwa ikaja.

"Namkunda, nakwenda! Nakwenda! Na... nani huyo kanishika mguu? Na huyu wa kiunoni? Niacheni!"

Mizizi haikumwacha. Maji yakazama polepole ardhini.

Huko juu kwa Kalaghe, mtama ulikuwa mweupe mtupu. Udongo wa kule akashuka wote, akanaswa kwenye mabua ya Namkunda. Mwamba ukabaki uchi.

Mvua ilipokatika, Kalaghe akashuka na vikapu. "Shemeji, nimekuja kuchukua udongo wangu."

"Chukua, kama atakubali."

Kalaghe akavuta. Akavuta tena. Akavuta kwa mikono miwili mpaka akaangukia matako. Udongo akamwambia:

"Niache, mzee! Kwako nililia mpaka sauti ikakauka, hukutoka hata mlangoni. Hapa nimeshikwa. Siendi!"

Kalaghe akakaa matopeni, akalia kama mtoto. Namkunda alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli. Kisha akampa jembe.

"Amka, shemeji. Mstari ule una magugu. Ukimaliza, utakula."

Hadithi yangu imeishia hapo. Sogeeni, mnanizibia moto!