Kidirisha cha Bi. Nyemo

Mchoka kuulizwa huishia kuuliza. Mnacheka, kwa sababu nimewaambia hivyo mlipokuwa mkibonyeza "ndiyo" kwenye simu bila kusoma kitu. Haya, tulieni niwaeleze ilikotoka. Msidhani ni ya wahenga wa kale. Ilizaliwa mbele ya macho yangu, kwenye kituo kimoja cha mbegu huko Ugogo, nilikokuwa mtunza ghala.

Pale alikuwepo mtafiti, Bi. Nyemo Chilongani. Mama huyo aliumaliza utu uzima wake akitafuta mtama unaostahimili kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama hadi mkulima anavuna mabua matupu. Alizunguka vijijini akiomba mbegu kwa bibi vizee, akazipandanisha msimu hadi msimu, mpaka akaupata mmoja ulioshinda gugu hilo. Mifuko ghalani kwangu iliandikwa namba tu. Namba ipi ni mbegu ipi, na imetoka kwa nani, hayo yote yalikuwa kwenye jedwali la kompyuta.

Fundi wetu wa kompyuta, kijana aitwaye Yaledi, alikuwa ametengeneza programu ya kituo, na majedwali yakawa yanafunguka humo humo ndani yake. Sasa, majedwali mengine huwa na makro, yaani amri ndogo zinazojiendesha zenyewe. Kwa hiyo kila ukifungua jedwali, kidirisha kilijitokeza na kuuliza: "Jedwali hili lina makro. Unaziruhusu?" Asubuhi kinauliza, mchana kinauliza.

Bi. Nyemo, Mungu amrehemu, hakujaliwa subira. "Yaledi mwanangu, kitu hiki kinanihoji kama mwizi nyumbani kwangu. Kiondoe."

Yaledi akamweleza kwamba angeweza kuiagiza programu iyaamini majedwali ya kituo tu, yale yanayotoka nje yaendelee kuulizwa. Ila apewe siku chache.

"Siku chache za nini? Kinyamazishe, nifanye kazi."

Kijana atabishana vipi na mama wa umri ule? Akakinyamazisha. Tangu hapo programu ikawa inajibu "ndiyo" yenyewe, jedwali liwe la yeyote yule. Nasi tulifurahi, nisiwafiche.

Miezi ikapita. Mtafiti mwenzake wa kituo kingine akamtumia jedwali lake. Mtu mwema kabisa, hapakuwa na virusi wala hila. Ndani yake mlikuwa na makro ya kupanga majina kwa alfabeti. Bi. Nyemo akalifungua huku lake nalo likiwa wazi. Kwa kuwa hakuna aliyeulizwa, makro ile ikapanga majina ya mbegu kwenye jedwali lake pia. Majina yakahama, namba zikabaki palepale. Programu ikahifadhi, na nakala ya akiba ikabeba kosa lilelile. Hakuna aliyeshtuka, maana hakuna kilichopungua.

Tulikuja kugundua wakati wa kupanda. Aliingia ghalani akafungua mfuko uliotakiwa kuwa na mtama mweupe, akakuta mwekundu. Akafungua mwingine, na mwingine. Kisha akakaa sakafuni.

"Baba Mazoya," akaniita, "huu ulikuwa mtama gani?"

"Mama, mimi najua namba tu."

Akamuuliza Yaledi. Yaledi akahangaika na mashine hadi macho yakamwiva, hakupata kitu. Akarudi ghalani na kupiga magoti mbele yake.

"Mama, nisamehe. Ningekataa."

"Inuka," akamwambia. "Aliyechoka kuulizwa si wewe, ni mimi. Sasa nitazame. Mchoka kuulizwa huishia kuuliza."

Kuzijaribu mbegu zote upya shambani kulihitaji misimu mingi, naye alibakiwa na mmoja kabla ya kustaafu. Aliutumia kurudi vijijini na vifuko mkononi, akiuliza nani anaitambua mbegu hii. Wachache walizitambua. Wengi wa wale bibi walikwisha kuzikwa, na wajukuu zao siku hizi wanalima alizeti. Akastaafu, akafa, bila kujua mtama wake ulikuwa mfuko upi. Nao ulikuwepo, wanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Ulikuwepo mle ghalani, nikiufungia mlango kila jioni, na kiduha kinaendelea kula mashamba yetu.

Basi kitu kikikuuliza, soma kwanza. Mchoka kuulizwa huishia kuuliza, na siku hiyo wa kumjibu huenda hayupo.