Simba Aliyepandishiwa Uso

Hapo zamani za kale, enzi ambazo hata konokono alikuwa na nywele za kuchana, Pimbi alikuwa kinyozi. Mnamjua Pimbi? Ni kanyama kadogo, hakana mkia, kanaishi kwenye miamba na hakatulii. Kibanda chake kilikuwa na kiti kimoja, wembe, mkasi, kitana na kijiko kikubwa cha bati kilichosuguliwa mpaka kikang'aa. Kijiko cha nini kwa kinyozi? Subirini, mbona mna haraka hivyo!

Jumatatu moja asubuhi akaja Bi Kongoni mbio, pu pu pu pu, huku analia.

"Jirani! Jirani, nakufa!"

"Unakufa na nini? Mbona unahema vizuri tu?"

"Nakufa Ijumaa! Mzee Simba ametoa amri. Amechoka kukimbizana na nyama porini, sasa anataka supu ya kichwa kila Ijumaa. Na kichwa kitakuwa cha mwenye uso mrefu kuliko wote. Hebu nitazame, Pimbi. Nitazame tu!"

Pimbi akamtazama. Jamani, ule uso ulikuwa mrefu! Ungeanza kuutazama utosini baada ya chai, ungefika kidevuni wakati wa chakula cha mchana.

Pimbi akashikwa na huzuni. Bi Kongoni ndiye aliyempigia kelele kila tai alipopita angani, naye Pimbi akawahi kujificha. Bila jirani huyu angeshaliwa zamani.

"Ninyoe basi nipate sura ya duara," Bi Kongoni akamsihi. "Wewe si fundi?"

"Bi Kongoni, wewe huna nywele za kunyoa. Wewe unahitaji za kuongezwa. Kaa hapo, nakuja."

Pimbi huyoo, mpaka kwa Simba. Akamkuta amejinyoosha kivulini, na Fisi, karani wake, anamenya vitunguu vya Ijumaa.

"Hodi! Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo mdogo hivyo?"

"Ni mimi kinyozi, Mzee. Nimekuja kuuliza kuhusu amri yako nzuri. Uso unaanzia wapi, na unaishia wapi? Maana kuna wabishi! Ijumaa utasikia huyu anasema pua haimo, yule anasema pembe za mwenzake zihesabiwe."

Simba akamtazama Fisi. Fisi akamtazama Simba. Hawakuwa wamelifikiria hilo hata kidogo.

"Unaanzia kidevuni," akasema Fisi, "na unaishia pale nywele zinapoanza. Nitapima kwa kamba."

"Kila mnyama?"

"Kila mnyama!" akanguruma Simba. "Na atakayebisha, naye anaingia chunguni!"

"Hapo sawa, Mzee." Pimbi akageuka aondoke, kisha akasimama, akashusha pumzi. "Ila..."

"Ila nini?"

"Basi tu, Mzee, tuyaache."

"Sema, la sivyo nakumeza!"

"Ni hizo nywele zako. Zimeshuka mpaka kwenye nyusi, uso umebaki kiduara na mashavu. Nilipokuwa kule mbali nilidhani ni... nisamehe, Mzee... nilidhani ni paka wa jikoni."

"Paka!"

"Wa jikoni," Pimbi akaongeza kwa masikitiko. "Na wageni wote wale wa Ijumaa!"

"Alhamisi nakuja kibandani kwako," akasema Simba. "Na unitengeneze!"

Pimbi akarudi mbio. Akakata nywele kwenye mkia wa Bi Kongoni, kachu kachu, akazibandika utosini kwa utomvu wa mgunga, akazichana zikamshukia mbele mpaka karibu na pua. Bi Kongoni akaenda kujitazama mtoni.

"Mamaaa! Huyu mrembo ni nani?"

Habari zikaenea. Nyumbu akaja, Punda akaja, wote wakashushiwa nywele usoni. Punda alifurahi akapiga teke, kitana kikarukia juu ya mti.

Alhamisi Simba akafika. Akakaa, kiti kikalia kwiii! Pimbi akapanda bega lake na wembe mkononi. Aliogopa, wanangu, msidhani hakuogopa. Akimchubua tu, supu itakuwa ya kichwa chake.

"Nianze na paji, Mzee, uso urefuke kidogo?"

"Anza!"

Kwaruu.

"Nipandishe?"

"Pandisha!"

Kwaruuu.

"Nipandishe tena?"

"Mbona unauliza uliza! Pandisha!"

Kwaruuuuu! Pimbi akapandisha, akavuka utosi, akateremkia upande wa pili. Alipomaliza, Simba alibaki na kishungi kimoja kisogoni.

Pimbi akamshikia kile kijiko. Mmewahi kujitazama kwenye mgongo wa kijiko kilichosimamishwa? Simba akauona uso wake umerefuka vizuri, unang'aa.

"Lo! Sasa huu ndio uso wa mfalme! Nani ananifikia?"

"Hakuna, Mzee. Hata mmoja."

Ijumaa chungu kikatengwa, moto ukakolezwa. Fisi akashika kamba. Punda, shibiri moja. Nyumbu, shibiri moja. Bi Kongoni akafumba macho. Kamba ikatoka kidevuni, ikakutana na nywele juu kidogo ya pua.

"Shibiri moja tena," akasema Fisi, amenuna.

Wote sawasawa! Simba akakunja uso. Hapo Pimbi akapaza sauti kutoka kwenye jiwe lake:

"Ulisema kila mnyama, Mzee. Au unaogopa watakushinda?"

"Wanishinde mimi? Thubutu! Fisi, pima hapa!"

Kamba ikaanzia kidevuni. Ikapita puani. Ikapita kwenye paji. Ikapanda utosini, ikateremka.

"Shibiri moja," Fisi akahesabu. "Mbili. Tatu... na nusu."

"Nimewashinda wote!" akanguruma Simba.

Chungu kikachemka, blu blu blu blu. Fisi akameza mate. Mnamjua Fisi, hajawahi kukataa nyama ya mtu yeyote.

"Mzee," akasema polepole, "mwenye uso mrefu kuliko wote... si ndiye... na vitunguu nimeshavikaanga..."

Simba akatazama kamba. Akatazama chungu. Akapapasa utosi wake, mtupu!

"Amri imefutwa! Nani alisema supu? Mimi supu inanipa kiungulia!" Akatimua mbio, kile kipara kinametameta juani mpaka akatokomea.

Wanyama wakacheka wakagaagaa. Bi Kongoni alicheka mpaka nywele zake za bandia zikadondoka, uso ukarudi kuwa mrefu kama ulivyozaliwa. Akamkumbatia Pimbi, akalia kwa furaha.

"Nikubandike tena?" Pimbi akamuuliza.

"Niache hivihivi, jirani. Zilikuwa zinaniziba macho. Tai nitamwonaje?"

Haya, na hadithi yangu nimeikunja kama mkeka. Ukitunga sheria ya kuwaumiza wenzako, jipime nayo wewe kwanza.