Kwa Nini Zeze Halinyamazi Mwimbaji Anapovuta Pumzi

Tulieni, nyie mnaomcheka mwenzenu eti ameongeza madoido kwenye wimbo. Nitawaambia madoido hayo yalitoka wapi, na msinikatize.

Zamani hizo, huko milimani, wimbo ulikuwa na sauti moja tu. Waimbaji hata wakijaa uwanja, walianza pamoja, wakapanda na kushuka pamoja, na pumzi wakavuta pamoja. Zeze nalo lilirudia kile kile kilichoimbwa. Mzee Kiondo, aliyeongoza nyimbo, alijivunia sana jambo hilo. Ukizidisha hata kidogo, alikutoa katikati ya watu ukakae na kuku.

Aliyekaa na kuku mara nyingi alikuwa Nakijwa, mpiga zeze. Vidole vyake havikujua kutulia.

Siku moja mchana ukungu ulishuka ghafla. Nanzia, binti yake Nakijwa, alikuwa bado msituni akiokota kuni, karibu na ukingo wa genge refu la mawe. Watu wakakusanyika uwanjani wakaimba ili afuate sauti yao. Nanzia aliisikia. Lakini kila walipovuta pumzi wimbo ulikatika, naye, asiyeona hata mkono wake, akageuka huku na huku akapotea tena. Akapiga ukelele, nao ukatokea upande wa genge.

Nakijwa hakungoja. Alichukua zeze akapiga wimbo ule ule, ila wenzake walipovuta pumzi hakunyamaza. Aliuzungusha, akaupamba, akawangoja waurudie.

"Unaharibu, mama Nanzia," Mzee Kiondo alisema.

"Naharibu, mzee. Mwanangu akifika nitakaa na kuku hata mwaka mzima."

Ukelele ukasikika tena, safari hii karibu zaidi na uwanja. Mzee Kiondo mwenyewe akarefusha neno ambalo wengine walilikata. Basi wote wakafunguka. Huyu alitangulia, yule alichelewa, mwingine alitetemesha sauti, lakini njia ilikuwa moja na mwishoni walikutana. Wimbo haukuwa na tundu tena. Nanzia aliufuata hadi uwanjani, kuni zake kichwani, na mama yake akalia bila kuliacha zeze.

Na tangu siku hiyo, wimbo mmoja huimbwa na wengi, kila mtu kwa namna yake, na zeze huendelea pale mwimbaji anapovuta pumzi. Haya, rudieni wimbo wenu. Huyo mliyekuwa mkimcheka mwacheni apambe. Mkiishiwa pumzi, yeye ndiye atakayewashikia njia.