Farasi Aliyesema Karibu

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitika kama mnaumwa meno? Tena. Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na ghala, ghala likawa na pumba, pumba zikawa na mwenyewe, na mwenyewe hakuzionja.

Hapo zamani za kale, na nasema zamani hasa, si zamani ile ya juzi shemeji Mbaraka alipokuwa bado na nywele, palikuwa na mji mbali kidogo na hapa. Katika mji huo aliishi mjane mmoja, Bi Mwanakombo. Mume alimwachia farasi jike, jina lake Marashi. Kazi ya Marashi ilikuwa kubeba mabwana harusi. Akipita na bwana harusi mgongoni, kichwa juu, shingo imekunjwa, mji mzima unatoka nje kutazama. Hapo ndipo Bi Mwanakombo alipokula, na hapo ndipo Marashi alipokula.

Sasa huyu Marashi alikuwa na adabu, jamani. Adabu mpaka inachosha. Mtu akipiga chafya mtaa wa pili, yeye anamwombea afya. Ukimsalimu, anaitika kabla hujamaliza. Na akisikia neno hodi, basi tena, ulimi unaruka wenyewe: "Karibu!"

Na panya wa siku hizo, msidhani ni hawa wenu. Walikuwa na sheria. Panya hakuingia mahali bila kupiga hodi. Alipiga hodi tatu. Akijibiwa, anaingia. Asipojibiwa, anageuza njia na hanung'uniki. Hata akitoka kidogo tu kwenda kunywa maji, akirudi anapiga hodi upya.

Shemeji, hayo maganda ya njugu unayamwaga wapi? Chini? Haya, mwaga tu. Tutayarudia.

Siku moja wakati wa alasiri alipita panya mkubwa, Mzee Buku, mwenye masharubu yaliyofika mabegani. Nyuma yake mkewe, watoto, wajukuu, na mkwe wake mmoja mvivu sana. Wakafika mlangoni kwa Marashi. Ghala la pumba lilikuwa humo humo, ubavuni mwa banda.

"Hodi," akasema Mzee Buku.

"Karibu," akasema Marashi.

"Hodi tena."

"Karibuni ndani, msikae nje."

"Hodi ya mwisho."

"Jamani, karibuni. Mnanitia aibu kusimama mlangoni hivyo."

Basi wakaingia. Wakaingia wao, na shangazi zao, na majirani wa shangazi zao. Wakatoboa magunia wakala huku wanaimba:

*Tumeitwa, hatukuja wenyewe,*
*kru kru, pumba tamu.*
*Mwenye nyumba atupende,*
*kru kru, pumba tamu.*

Marashi akasikiliza kru kru, akasema moyoni, wageni hawa wakishiba wataondoka. Hawakuondoka. Magunia yakanywea. Fungu lake la chakula likapungua, likapungua, mpaka mbavu zikaanza kuonekana.

Bi Mwanakombo akaja na kapu lake la pumba, akamtazama farasi wake, akashika kiuno.

"Wewe Marashi, ghala linakwisha na wewe unakonda. Unakula au unaficha?"

"Kuna panya, Bi Mwanakombo."

"Nani kawakaribisha?"

Marashi akainamisha kichwa. "Mimi."

"Basi ni wageni wako. Mgeni aliyekaribishwa mimi simfukuzi, nitasemwa mji mzima. Umewaita wewe, watoe wewe. Mwezi wa mfungo mosi unakuja, harusi zinaanza, na bwana harusi hapandi mifupa. Ukifika mfungo mosi na mbavu hizo, nakuuza kwa mchoma chokaa ukamkokotee mawe."

Marashi alilia. Alilia kwa sababu alimjua mchoma chokaa. Kule hakuna ngoma, hakuna vigelegele, hakuna hina kwenye mkia. Kuna mawe, na ukimaliza mawe, kuna mawe.

Akaenda kwa Paka Shume. Shume alikuwa mzee mwenye heshima zake, na kitu alichokipenda duniani kuliko samaki ni kuamkiwa. Marashi akamwamkia vizuri, akamweleza shida yake. Shume akasema, "Hilo dogo. Nisubiri."

Akaingia ghalani. Akaruka, pu, akamkamata yule mkwe mvivu, akambana kwa meno. Panya akiwa mle mdomoni akasema kwa sauti nyembamba, "Shikamoo, babu."

Shume akasita. Aitikie, asiitikie? Mtoto kamwamkia mkubwa, mkubwa atanyamazaje?

"Marahaba, mjukuu wangu."

Puu. Mdomo umefunguka, panya kaanguka, kaenda zake.

Shume akaruka tena, akakamata mjukuu wa Buku. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu." Puu.

Mara ya tatu akamkamata Mzee Buku mwenyewe, akambana sawasawa, akaapa kwamba safari hii hafungui. Mzee Buku akasema, "Shikamoo, babu. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Mguu ule uliokuwa unakusumbua unaendeleaje?"

Shume, masikini, kwa mwaka mzima hakuna aliyeuliza habari za mguu wake. "Marahaba, marahaba, hawajambo, mguu bwana, wakati wa baridi unavuta..." Alipomaliza kuueleza mguu, Mzee Buku alikuwa juu ya gunia la tatu.

Shume akatoka akijifuta masharubu. Akamwambia Marashi, "Siwezi. Wale wana malezi mazuri kuliko watoto wangu." Akaenda kulala. Na kule ghalani:

*Babu kaja, babu kaondoka,*
*kru kru, pumba tamu.*

Mnacheka. Marashi hakucheka. Mfungo mosi ulikuwa umekaribia, na mchoma chokaa alikwishapita mara moja kumtazama meno.

Ikabaki kwenda kwa Punda Kero.

Punda Kero alikuwa wa muuza maji, na mji mzima ulimjua kwa ufidhuli. Ukimwambia habari za asubuhi, anakujibu kaziulize zenyewe. Marashi alikuwa hajawahi kusimama naye, kwa kumwonea haya. Siku ile akasimama.

"Kero, ndugu yangu, habari za tangu..."

"Unataka nini?"

"Kwanza nikuulize hali ya..."

"Unataka nini?"

Marashi akamwambia yote, tangu hodi mpaka mguu wa Shume. Kero akacheka mpaka maji ya watu yakamwagika. Akasema, "Kesho wakitoka kwenda kunywa, nakuja. Wewe jaza majani mdomoni usiseme kitu. Hodi tatu hazijajibiwa, wameondoka. Sheria yao wenyewe."

Kesho yake panya wakaenda kunywa maji mtaroni. Marashi akajaza majani mdomoni mpaka mashavu yakatoka. Kero akasimama mlangoni. Panya wakarudi.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi tena."

Kimya. Marashi macho yamemtoka, lile neno linasukuma majani.

"Hodi ya mwisho."

Kimya.

Mzee Buku akageuka kuondoka. Alipogeuka, pua yake ikagusa chini. Akanusa. Akasimama.

"Ngojeni," akasema. "Nani kasema hatukujibiwa? Hizi pumba mlangoni zinasema karibuni. Lile gunia lililo wazi linasema karibuni ndani. Na rundo la majani pale ukutani linasema hata kitanda kipo. Twendeni, watoto."

Wakapita chini ya tumbo la Kero, huku wanaimba.

Marashi akatema majani. "Lakini mimi sikusema kitu."

"Wewe hukusema," akasema Kero. "Banda lako limesema. Lina domo kuliko wewe."

Akapaza sauti akamwita mwenye nyumba. "Bi Mwanakombo, njoo. Banda lako chafu."

Lo, msiombe kusikia neno hilo kwa mwanamke wa mji ule. Wageni wote waliofika pale walikuwa wanasema banda zuri, mashallah, huku wanaruka mavi ya farasi. Hakuna aliyemwambia kweli, maana kila mtu ana adabu. Bi Mwanakombo akatoka ghalani na kiatu mkononi, kapu la pumba kwapani, anakuja kumpiga punda wa watu.

Kero hakukimbia. "Tazama nyuma yako," akasema.

Bi Mwanakombo akatazama nyuma. Pumba zilikuwa zimemfuata. Mstari mwembamba umetoka mlango wa ghala, umepita uani, umefika pale aliposimama. Akalitazama kapu. Kapu limetoboka chini. Kila siku alitoka nalo ghalani kwenda horini kumlisha Marashi, na kila siku alimwaga njia nzima.

"Nani kawakaribisha?" akauliza Kero.

Bi Mwanakombo akaliweka kapu chini. Akamtazama Marashi na mbavu zake. Machozi yakamlenga.

"Mimi," akasema. "Mimi, na nilitaka kukuuza wewe."

Akashusha kiatu. Akavaa kanga ya kazi.

Siku iliyofuata, panya walipokwenda kunywa, kazi ikaanza. Bi Mwanakombo anafagia, Marashi anabeba, Kero anatukana. Wakafagia ghala, banda na uwanja mpaka sakafu ikaonyesha mawe yake. Pumba zote zikaingia kwenye mitungi mikubwa, kila mtungi na kifuniko cha mbao, juu ya kifuniko jiwe. Majani makavu yakapandishwa juu ya chanja, yasiguse chini. Mavi yakapelekwa shambani, magugu ya ukutani yakafyekwa. Mashimo yakazibwa kwa mawe na chokaa, na chokaa ilitoka kwa yule yule mchoma chokaa, aliyeambiwa kwamba farasi hauzwi. Mwisho Bi Mwanakombo akakaa chini akashona kapu lake.

Panya wakarudi.

"Hodi."

Kimya.

"Hodi tena."

Kimya.

"Hodi ya mwisho."

Kimya. Mzee Buku akainamisha pua. Akanusa kulia, mawe. Akanusa kushoto, chokaa. Akanusa katikati, ikamwingia harufu ya ufagio akapiga chafya. Marashi akataka kumwombea afya, Kero akamkanyaga mguu.

Lakini Mzee Buku hakuwa mjinga. Akajipangusa masharubu, akasema kwa upole, "Haya, wenyeji wetu. Tunaondoka. Mmetulisha vizuri. Kwaherini."

Wapenzi wangu, mtu akikuaga kwaheri, unamjibu nini?

Mnaona. Hata nyinyi imewatoka. Karibu tena. Na panya akiambiwa karibu tena, amerudi.

Marashi akafumbua mdomo. "Ka..."

Bi Mwanakombo akakumbatia ufagio.

"Ka... ka..."

Kero akafumba macho. Panya wote wamenyanyua mguu mmoja, wanangoja waingie.

"Ka... ka... kaeni huko huko!"

Kero akacheka mpaka akakaa chini. Bi Mwanakombo akapiga kigelegele, akatupa ufagio, akauokota, akapiga kingine. Na panya wakaondoka kwa mstari, Mzee Buku mbele, mkwe mvivu nyuma, wanaimba kwa huzuni:

*Tumekuja, hatukuitwa,*
*kru kru, kuna mawe.*

Ulipofika mfungo mosi Marashi alikuwa amenenepa, ameng'aa, mkia una hina. Akambeba bwana harusi, akacheza ngoma mpaka kilemba cha bwana harusi kikaangukia kwa wapishi. Nyuma alifuata Punda Kero amebeba maji ya karamu, anawatukana wageni, na hakuna aliyemkasirikia.

Tangu siku ile farasi akitaka kusema karibu, anafunga mdomo haraka, upepo unatokea pembeni: prrrr! Mmemsikia. Ndiyo adabu yake ile, anaizuia.

Na panya? Panya aliona hodi imemponza. Akaiacha. Ndiyo maana hawa wa kwenu hawapigi hodi tena, wala hawangoji kujibiwa. Wanatazama chini tu.

Basi funzo lenyewe ndilo hilo. Usimlaumu mgeni uliyemwita mwenyewe, na kabla hujamuuliza mwenzako nani kamkaribisha panya, litazame kapu lako. Ulimi ukinyamaza na sakafu ikasema, atakayesikilizwa ni sakafu.

Hadithi yangu imefika mlangoni, naiaga. Ikiwa tamu, tugawane nusu kwa nusu. Ikiwa chungu, mwageni, lakini msiimwage hapa kwangu.

Na wewe shemeji Mbaraka, ufagio uko nyuma ya mlango.