Siku Moto wa Duara Ulipotulia

Hapo zamani, si za mbali sana, palikuwa na mtaalamu wa fizikia aitwaye Tusajigwe. Alichunguza gesi yenye joto kuliko jua, iliyozungushwa ndani ya bomba la duara na kushikwa na sumaku isiguse ukuta. Lakini moto huo wa gesi ulikuwa ukitibuka. Ukitibuka, joto linavuja, nao unazimika. Miaka kumi na tisa Tusajigwe alipiga hesabu, miaka kumi na tisa moto ukatibuka.

Wakaguzi wa maabara wakasema: Ijumaa tunaifunga mashine hii.

Jumatatu moto ukatulia. Jumanne ukatibuka. Jumatano ukatibuka tena. Tusajigwe akashindwa kula.

Lwitiko, fundi wa nyaya, akamwona. Akavuta kiti, akakaa karibu.

"Dada, Jumatatu niliunga nyaya za sumaku kinyume. Nilipogundua nikazirudisha kimyakimya. Niliogopa kufukuzwa."

Tusajigwe akafumba macho. Sheria ya pale ilikuwa kwamba jaribio lenye kosa hufutwa kwenye kumbukumbu siku hiyohiyo.

Zera, mtunza kumbukumbu, akamwekea kikombe cha uji. "Kunywa kwanza. Jaribio la Jumatatu sikulifuta. Niliona lina kosa, lakini ulivyotabasamu siku ile, mkono ulikataa."

Tusajigwe akanywa. Kisha akatoa daftari kuukuu. Mle mlikuwa na hesabu ya sumaku zilizogeuzwa ili moto utulie. Aliwahi kuwaonyesha wenzake, wakamcheka, akaificha. Akailinganisha na kumbukumbu za Zera. Zikakubaliana.

Ijumaa, mbele ya wakaguzi, Lwitiko akageuza nyaya kwa makusudi. Moto ukatulia mpaka mwisho.

Mashine ikafungwa hata hivyo. Ila wakaguzi wakasema mashine mpya inajengwa mahali pengine, nayo ina nafasi moja tu ya kazi, ya aliyeutuliza moto. Wengine wangerudi nyumbani bila kazi. Mkaguzi akampa Tusajigwe fomu: "Andika jina moja."

"Bila kosa langu moto usingetulia," akasema Lwitiko. "Lakini ukiniandika, wataniuliza kule nitakosea nini tena."

Wakacheka kidogo.

"Bila mimi, kosa lako lingekuwa limefutwa," akasema Zera. "Nami nilivunja sheria."

"Bila hesabu yangu," akasema Tusajigwe polepole, "tusingejua kwa nini moto ulitulia. Lakini niliificha miaka yote hiyo."

Ladha ya uji wa Zera ilikuwa bado mdomoni mwake, na kiti cha Lwitiko kilikuwa bado karibu na chake. Kalamu ikasimama juu ya karatasi.

Ninyi mnaonisikiliza, ishikeni kalamu hiyo. Je, nani alistahili kuandikwa?