Hodi ya Bi Naghenjwa

Sogeeni, sogeeni! Leo sina sungura wala fisi. Nina gemu ya kompyuta, ng'ombe mmoja, na wajukuu watatu wanaokaribia kushikana mashati. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni mzigo huu nitawatupia nyinyi.

Wajukuu hao ni wa Bi Naghenjwa, jirani yangu huku Upareni. Nakunda ana jicho: mwelezee chungu cha makande, atakichora mpaka utafute kijiko. Kanani ana akili ya kompyuta: akitaka mlima utembee, unatembea. Na Elinihaki ana sikio, hata kuku wa majirani anawajua kwa sauti.

Bibi yao alikuwa na donda moyoni. Ujanani aligombana na dada yake, Namsifu, akahama bila kuaga. Dada akafariki. Kisha likajengwa bwawa, maji yakafunika bonde zima, nyumba ya dada ikiwemo. Basi Bibi alikuwa haishi kusema, "Laiti ningeingia mle jikoni kwake mara moja tu, nimwombe radhi! Atakayenifikisha, ng'ombe wangu ni wake. Na hauzwi, wala hagawanywi!"

Ng'ombe mwenyewe, jamani, maziwa yake yamesomesha ukoo!

Vijana wakaamua kutengeneza gemu fupi, ya kutembea tu. Hakuna bunduki, hakuna pointi, hakuna wa kukufukuza. Unapita, unatazama, unasikiliza.

Nakunda akakaa miguuni pa Bibi akimuuliza: mlango ulitazama wapi? Moshi uliacha rangi gani ukutani? Akachora, Bibi akakosoa, akafuta, akachora tena, hadi siku Bibi alipokiona kigoda cha dada yake akashika mdomo.

Kanani akaifanya njia ipitike. Vidole vya Bibi vimekakamaa, kwa hiyo akamwekea vitufe viwili tu, vikubwa, na mwendo wa polepole wa mtu mzima. Hata kigoda akakifanya kikalike.

Elinihaki naye akazunguka mabonde ya jirani akinasa upepo kwenye migomba, maji ya mfereji na kuni zikilia motoni.

Siku ikafika! Bibi akashika vitufe, akaianza njia huku akicheka. "Si migomba ya Namsifu hii!" Akafika mlangoni, akasimama.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

"Bibi, ingia tu," Kanani akamwambia. "Mlango uko wazi."

"Nyumba ya watu, sijaitikiwa, niingie? Mimi mwizi?" Akaviweka vitufe chini, akatoka nje machozi yakimlengalenga.

Watoto wa siku hizi! Walikumbuka kila kitu, wakamsahau mwenye nyumba.

Elinihaki akatimua mbio hadi kwa Bi Nambike, binti wa marehemu, ambaye sauti yake ndiyo ile ile ya mama yake. Akamnasa akisema maneno machache, akarudi akihema. Kanani akayaweka mlangoni, Bibi akabembelezwa arudi.

"Hodi!"

"Karibu, mdogo wangu. Pita."

Akaingia! Akaenda moja kwa moja kwenye kigoda, akakaa. Kuni zikalia motoni. "Dada," akasema, "nisamehe. Kosa lilikuwa langu." Akalia kilio cha miaka yote ile, na mimi niliyekwenda kuchungulia tu nikalia naye.

Alipoinuka alikuwa mwepesi kama msichana. Akaenda zizini, akarudi na ng'ombe wake. Hapo sasa ndipo moto ulipowaka.

"Njia ni yangu," akasema Kanani. "Bila mimi angebaki anatazama picha."

"Picha zipi, kama si mimi?" Nakunda akamrukia. "Ungemtembeza gizani?"

"Nyote wawili mlimwacha nje," akasema Elinihaki. "Aliyemkaribisha ndani ni mimi."

Bibi akanigeukia. "Jirani, amua wewe."

Mimi, na mdomo wangu wote huu, nikaanza kuwapima mmoja mmoja. Kila nikimwondoa mmoja, namwona Bibi amesimama tena nje ya mlango ule, hajaomba radhi.

Kamba bado iko mkononi mwake, na ng'ombe anataka kukamuliwa. Je, wewe ungeamua vipi?