Kete za Jabali na Vitumbua vya Bi Mwanakiti

Hapo zamani za kale, wanangu, masika yalipokaribia, pangoni walikaa hawa: Pimbi, mwenye pango na mtambaji, Nyati, mwenye pembe, Fisi, mwenye njaa, na Sange, yule mdogo mwenye pua ndefu, ambaye mvua za mwaka uliopita zilimlowesha akakohoa mpaka kiangazi.

Pangoni ilibaki nafasi moja kavu. Pimbi akaamua ishindaniwe kwa mchezo wake. Yeye hutamba hadithi, na kila mchezaji humwendesha mtu wake ndani ya hadithi hiyo. Mtu akimshinda adui, hupata kete, nguvu zikaongezeka. Mwenye kete nyingi ndiye hutangulia mlangoni kwa joka. Atakayechota maji ya kisima cha joka, nafasi ni yake.

Nyati akamleta Jabali, shujaa. Fisi akamleta Mkatashingo. Sange akamleta Bi Mwanakiti, kikongwe muuza vitumbua.

"Kwi kwi kwi!" Fisi akacheka. "Atalipiga joka kwa vitumbua?"

"Njiani amekaa chura," Pimbi akaanza.

"Namponda!" akanguruma Nyati.

"Ngoja kidogo, kaka," akasema Sange. "Bi Mwanakiti anampa kitumbua. Habari za huku, bwana chura?"

Kwa desturi, jibu hunong'onezwa aliyeuliza. Pimbi akainama, nong'o nong'o. Sange akabana kicheko.

"Umbea umekwisha?" akauliza Nyati. Pu! "Lete kete!"

Baada ya chura, Nyati na Fisi wakaponda mbuzi, wakamponda hata mzee aliyewaonyesha njia. "Kete! Kete!" Walipofika kwa joka, walikuwa sawasawa kwa kete.

"Natangulia mimi!"

"Wewe nani? Mimi!"

Sange alikuwa na ile kete moja tu ya kuanzia mchezo. Akaisukuma mbele ya Nyati. "Shika na hii, kaka. Mkubwa ajulikane."

"Umeona heshima, Fisi?" akasema Nyati. Jabali akaingia, kifua mbele.

"Gubu!" akasema Pimbi. "Joka limemmeza."

"Na kete zangu?"

"Na kete zako zote."

Sange akaruka juu, akaruka tena. "Chura alisema joka humeza mwenye nguvu kuliko wote, kisha hulala fofofo! Bi Mwanakiti ananyata, nyatu nyatu, anachota maji. Chubwi!"

"He! Zamu yangu?" akashtuka Fisi, aliyekuwa bado anahesabu kete.

Nje mvua ikaanza, pa! pa! pa! Sange akatandika mkeka wake pakavu.

Asiyesikiliza hadithi, nguvu zake humfaa mwingine.

Jabali alikufa siku hiyo, na hadithi yangu ikaishia hapo.